Kulegeza misuli iliyokaza na kuuma: mwongozo kamili wa tiba za nyumbani kutoka Kigoma

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Hapa Kigoma tuliumiza vichwa juu ya mboga na kipato, miili hatukuifikiria. Vijana waliozoea kuvuta nyavu usiku kucha walikaa miezi mitatu kwenye vibarua vyepesi, halafu usiku mmoja wakarudi ziwani na kuvuta kana kwamba hawakuwahi kupumzika. Siku ya pili yake mdogo wangu, mvuvi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, alishindwa kuinua mikono avae fulana. Mkewe alimvalisha kama mtoto. Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Misuli tu ilikuwa imepoteza mazoea.

Tukamwita shangazi yetu kutoka Ujiji. Amekanda watu zaidi ya miaka thelathini: wavuvi, wapagazi wa bandarini, wanawake wanaokamua mawese, wazazi waliotoka kujifungua. Alikuja na chupa ya mawese mkononi na chumvi ya Uvinza ndani ya fundo la khanga. Vyote akaviweka chini, akavuta kigoda.

"Haya, mwanangu. Kumeanza kuuma lini? Kunauma ukitulia au mpaka ujongee? Umepata homa? Mkojo wako una rangi gani?"

Nilijiuliza mkojo unahusiana vipi na mabega. Siku hizi ni swali ambalo hata mimi siliruki, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maswali kabla ya mafuta. Watu wengi hawaumizwi na kukosa dawa. Wanaumizwa na dawa nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake, au siku isiyo yake.

Jua kwanza unatibu nini

Maumivu ya misuli tunayokutana nayo majumbani ni ya namna tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni ya kazi. Haya hayaji papo hapo. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kazi, huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe ndani ya wiki. Yanatokana na michaniko midogo sana ndani ya nyuzi za msuli, hasa msuli unapobeba uzito huku unarefuka: kushuka mlima na mzigo, kushusha gunia polepole, kuzuia wavu usirudi majini. Mwili hupeleka damu na majimaji kukarabati, pakavimba kidogo na kuuma ukipagusa. Wengi tulifundishwa kwamba ni asidi iliyojikusanya kwenye misuli. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, kwa hiyo si yenye kosa kwa maumivu ya keshokutwa.

Ya pili ni mkazo. Hapa hakuna kilichochanika, ila msuli umeshikilia mkao mmoja mpaka umesahau kuachia. Ni shingo ya fundi cherehani, mabega ya dereva wa bodaboda, kiuno cha mama anayefua ameinama. Mawazo nayo hukaza misuli. Mtu mwenye deni utamwona mabega yamepanda karibu na masikio bila mwenyewe kujua.

Ya tatu ni jeraha. Ulisikia kitu kimechomoka au kimechoma ghafla, papo hapo pakauma, pakavimba, pengine pakabadilika rangi. Hapa joto na kukanda vinasubiri.

Nalisema hili la tatu kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa nyumbani alianguka na pikipiki jioni, mkono ukavimba. Nilimkanda mimi mwenyewe kwa maji ya moto usiku ule. Alikuwa anauma meno, machozi yanamtoka, nami nikadhani dawa inafanya kazi. Asubuhi eksirei ilionyesha mfupa wa kigasha umevunjika. Tangu siku hiyo sigusi uvimbe uliotokana na kuanguka kabla mtu hajapimwa, na nakuomba nawe usiguse.

Kuna dalili nyingine ambazo zikiwepo unafunga chupa ya mafuta na kwenda kituo cha afya:

- Homa pamoja na mwili mzima kuuma. Huku kwetu hiyo ihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Kipimo cha haraka kinatumia tone la damu ya kidole na majibu hutoka ndani ya nusu saa.
- Homa, kichwa kikali na shingo iliyokakamaa isiyoweza kuinama kidevu kikafika kifuani.
- Mkojo wenye rangi ya kahawa au chai iliyokolea baada ya kazi ngumu. Ndilo swali la shangazi. Msuli ulioharibika sana humwaga vitu vyake kwenye damu, na figo zinaweza kushindwa kuvichuja.
- Mguu mmoja tu umevimba, una moto na unauma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu, kujifungua au kulala kitandani siku nyingi. Huenda ni damu iliyoganda. Ukiukanda, bonge linaweza kung'oka likafika mapafuni.
- Sehemu moja ya paja au tako imekuwa ngumu, ina moto, na mtu ana homa. Katika nchi za joto kama yetu usaha hujificha ndani ya msuli bila jipu kuonekana juu.
- Maumivu ya bega, mkono au taya yanayokuja na kifua kubana na jasho jembamba.
- Mgongo unaouma pamoja na ganzi kwenye miguu au katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, tuendelee.

Jeraha jipya: baridi kwanza

Msuli ukivutika au ukigongwa, na umehakikisha mfupa ni mzima, saa 48 za mwanzo ni za baridi na mapumziko. Chukua barafu za mfuko zinazouzwa dukani, zivunje, zifunge kwenye khanga au taulo, weka mahali panapouma kwa dakika 15, usizidishe 20. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, maana inaunguza kama moto. Inua sehemu hiyo juu ya mto, na kama ni mguu au mkono, uzungushie bendeji isiyobana. Ukiona vidole vinakuwa baridi au vina ganzi, legeza.

Usikande kwa mikono siku hizo. Msuli uliopondeka ukisuguliwa kwa nguvu huvuja damu zaidi, na wakati mwingine damu ile hugeuka kuwa kitu kigumu kama mfupa ndani ya nyama. Siku ya tatu uvimbe ukishatulia ndipo uanze joto, taratibu.

Joto: nusu ya tiba iko hapa

Kiswahili kimetupa neno moja, kukanda, kwa maji ya moto na kwa mikono pia, na mimi naona wazee hawakukosea. Msuli baridi haukandiki. Joto hupanua mishipa, damu inafika, nyuzi zinalegea, na ubongo unapokea habari ya joto badala ya habari ya maumivu. Ukifanya joto vizuri, mikono itakuwa na kazi ndogo tu ya kumalizia.

Njia ya maji. Unahitaji jagi moja, beseni, na taulo mbili nene. Weka kwenye beseni majagi matatu ya maji ya kawaida, kisha ongeza jagi moja la maji yaliyotoka kuchemka. Hapo utapata joto la kama nyuzi 40 na kidogo, ambalo ndilo linalotakiwa. Maji baridi yatangulie ndani ya beseni na ya moto yafuate, usigeuze, maana mtoto au mtu mwenye haraka anaweza kuingiza mkono kwenye maji yaliyochemka. Pima kwa kiwiko: pawe pa moto lakini unaweza kukaa nalo. Viganja vya mwanamke anayepika kila siku havipimi sawasawa, vimezoea.

Chovya taulo, kamua mpaka lisidondoshe, likunje mara mbili, laza juu ya msuli na ufunike kwa taulo kavu. Likipoa, kwa kawaida baada ya dakika tatu au nne, badilisha. Endelea kwa dakika 15 hadi 20. Ukiwa na majani ya mkaratusi au mchaichai, yachemshe kwenye yale maji ya jagi. Harufu yake inafungua pua na kutuliza mawazo, na kwa mtu aliyekazwa na mawazo hilo si jambo dogo.

Njia ya chumvi kavu. Hii ndiyo ya shangazi, na ndiyo niipendayo kwa mgongo na kiuno. Watu wa Uvinza wamekuwa wakipika chumvi kutoka kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na mto Malagarasi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ya mawe huku kwetu haikosekani jikoni. Wapo wanaoimwaga kwenye maji ya kuoga wakiamini inapenya ngozi na kuvuta maumivu. Chumvi haiingii mwilini kwa njia hiyo kwa kiasi cha kutibu msuli, kinachosaidia pale ni yale maji ya moto. Faida yake ni nyingine: ukiikaanga inashika joto kavu kwa muda mrefu na inakaa kwenye mikunjo ya mwili vizuri kuliko chupa.

Chukua nusu kilo ya chumvi ya mawe, iweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, koroga kwa mwiko dakika tano hadi saba. Itaanza kutoa mlio mdogo wa kupasukapasuka. Epua, acha ipoe dakika tano, mimina ndani ya soksi nene ya pamba au kitambaa cha kaniki kilichokunjwa mara mbili, funga kwa uzi. Usitumie soksi ya nailoni, itayeyuka. Sasa ibane ndani ya kigasha chako na uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, bado ni moto mno. Ndipo ulaze juu ya khanga iliyokunjwa mgongoni, na uihamishe kidogo kila dakika moja isikae mahali pamoja. Chumvi hiyo hiyo unaweza kuikaanga tena kesho, mradi haijalowa.

Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, au mwenye ganzi miguuni, asipimiwe kwa kumuuliza kama ni moto. Hatasikia. Pima kwa mwili wako, na kwake tumia vuguvugu tu. Mjamzito asiketi ndani ya maji ya moto na asiwekewe joto tumboni wala kiunoni.

Mafuta: mawese au mise?

Mchikichi unatupa mafuta mawili. Mawese yanatoka kwenye nyama ya tunda, mekundu, mazito. Mise yanatoka kwenye kiini ndani ya kokwa, hayana wekundu, na asubuhi za baridi yanaganda. Yote mawili yanafaa kukandia, kwa sababu kazi kubwa ya mafuta ni kuufanya mkono uteleze bila kuvuta ngozi. Shangazi hatumii kingine zaidi ya mawese. Mimi naona mise ni bora kwa mtu anayelala kwenye shuka nyeupe, maana doa la mawese halina msamaha. Aliye Tabora au Dar es Salaam atumie ya nazi, ya ufuta, hata ya alizeti.

Ukitaka yenye nguvu zaidi, tengeneza hivi. Robo lita ya mafuta iweke kwenye bakuli la bati. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha karafuu kavu zilizopondwapondwa na vijiko viwili vya tangawizi kavu ya kutwanga. Laza bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, yafike nusu ya bakuli, na uache kwa saa moja ukikoroga mara mojamoja. Usiweke mafuta moja kwa moja jikoni, karafuu itaungua na harufu itageuka kuwa ya moshi. Acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa iliyokauka kabisa. Tangawizi mbichi ina maji, itayafanya mafuta yaoze, kwa hiyo tumia kavu tu. Yakikaa gizani yanadumu miezi miwili. Ukisikia yananuka uchachu, mwaga.

Karafuu ina kitu kiitwacho yugenoli, kilekile madaktari wa meno wanachotumia kutuliza jino. Kinapoza maumivu ya juu juu na kuleta joto kwenye ngozi. Lakini yale mafuta makali ya karafuu yanayouzwa kwenye vichupa vidogo ni habari nyingine: hayo ni matone mawili tu kwa kijiko cha chakula cha mafuta ya kawaida, kamwe usipake yenyewe. Na hata haya ya kupika nyumbani, jaribu kwanza tone moja ndani ya kigasha na usubiri mpaka kesho yake. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele, si yako.

Pilipili kichaa nayo inasaidia. Kiini chake cha ukali, kapsaisini, hufanya mishipa ya fahamu ya ngozi ichoke kupeleka habari ya maumivu. Kijiko kimoja cha chai cha pilipili kavu ya unga kwenye robo lita ya mafuta, upike kwa njia ileile. Paka kwa mkono uliovishwa mfuko wa plastiki, usipake penye mchubuko, na usiweke joto juu yake, utamuunguza mtu. Ikichoma mno, futa kwanza kwa mafuta matupu kisha sabuni, maana maji peke yake hayaiondoi. Kwa watoto usitumie kabisa.

Kukanda, hatua kwa hatua

Nitaeleza mabega na shingo, kwa sababu ndiko watu wengi wanakoumia, na ukilijua bega utalijua paja.

Mkae vizuri kwanza. Anayekandwa akae kwenye kigoda au akalie kiti kwa kukigeuza, kifua kikiegemea mgongo wa kiti, mikono na paji la uso juu ya mto. Mtu anayejishikilia asianguke hawezi kulegea. Wewe kata kucha, vua pete, pasha viganja vyako moto kwa maji au kwa kusuguana. Mkono baridi ukigusa mgongo, misuli yote inaruka.

Mimina mafuta kiganjani mwako, usimmiminie yeye mgongoni. Kisha paka tu. Dakika mbili au tatu nzima, viganja vyote viwili vilale bapa, vipande kutoka katikati ya mgongo kuelekea shingoni, vigawanyike mabegani, vishuke pembeni. Hakuna kubonyeza. Unaujulisha mwili kwamba umekuja kwa heri, na wakati huohuo vidole vyako vinatafuta. Mahali palipokaza utapasikia: pana kitu kama kamba, au kama punje ya mhindi chini ya ngozi, na pengine pana joto kidogo.

Sasa shika ule msuli unaotoka shingoni kwenda begani, katikati ya kidole gumba na vidole vinne, kama unavyoshika unga wa chapati. Minya, inua kidogo, achia. Sogea nusu upana wa kidole, rudia. Uende ukifuata pumzi yake: akitoa pumzi unaminya, akivuta unaachia. Dakika tano kila upande zinatosha.

Ukifika kwenye lile fundo, usilisugue kwa hasira. Laza kidole gumba juu yake, bonyeza polepole mpaka aseme "hapo", ukae hapo bila kusogea kwa kama sekunde 30. Muulize maumivu ni mangapi kwa kumi. Yakizidi sita, punguza. Usiku ule mdogo wangu alisema, "Shangazi, kanda kwa nguvu, niko tayari kuvumilia." Shangazi akamjibu bila kuinua macho, "Ukivumilia umekaza, na ukikaza sina ninachokanda." Kisha akakaa kimya na kidole chake pale chini ya kombe la bega, hata nikadhani amesinzia. Nilikuwa nimeketi karibu nao, na niliona kwa macho: ngozi ilianza kuzama taratibu chini ya kidole, kama mahali penye udongo ulionyeshewa. Mdogo wangu akashusha pumzi ndefu na kichwa kikalala upande. Ile nguvu tunayoitaka tukandwe nayo huwa inaamsha msuli ujilinde, ukakaza zaidi, na kesho yake tunaamka na alama za bluu tukisema tulikandwa vizuri.

Malizia kama ulivyoanza, viganja bapa, vyepesi, ukivuta kuelekea kwenye moyo. Mfunike khanga, mpe maji ya kunywa, asitoke kwenye upepo akiwa na jasho.

Mahali pa kuepuka: usibonyeze mbele ya shingo wala pembeni ya koo ambako mapigo ya moyo yanasikika. Usibonyeze uti wa mgongo wenyewe, kanda nyama iliyo kando yake. Usikunje shingo ya mtu ili ilie. Nyuma ya goti pasuguliwe kwa mafuta tu bila kubonyeza, na mishipa iliyovimba miguuni iachwe kabisa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu asibonyezwe kwa nguvu popote.

Asiye na wa kumkanda achukue mpira wa tenisi, au ule wa matambara wanaochezea watoto ukiwa umefungwa imara, auweke kati ya mgongo na ukuta, kando ya uti. Aegemee, apinde magoti kidogo, ajisogeze juu na chini. Akikuta fundo asimame hapo apumue mara tano.

Kunyoosha na kutembea

Watu wanaoumwa misuli hupenda kulala kutwa nzima. Usingizi wa usiku ndiyo, maana ndipo ukarabati unafanyika, lakini mchana tembea. Dakika kumi au kumi na tano za mwendo wa taratibu, mara mbili au tatu kwa siku, zinapunguza maumivu ya kazi hata pale ambapo mafuta hayakusaidia.

Kunyoosha kufuate joto, kusitangulie. Kwa mgongo na mabega, kaa kama anayesujudu, makalio yakilalia visigino, mikono umeinyoosha mbele kwenye mkeka, kifua kinashuka kila unapotoa pumzi. Kaa sekunde 30, pumzika, rudia mara tatu. Kwa kifua kilichojikunja kwa kuvuta nyavu au kushika usukani, simama mlangoni, weka vigasha kwenye miimo yote miwili, piga hatua moja mbele mpaka usikie kifua kinafunguka. Kwa shingo ya mtu anayebeba ndoo au beseni kichwani, mwelekeze aulaze kichwa upande, sikio lishuke kuelekea begani bila bega kupanda, na asivute kwa mkono. Isiwe na maumivu makali hata kidogo, na usidundedunde.

Msuli wa shavu la mguu ukibana usiku, usiusugue kwanza. Nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, ushikilie mpaka uachie. Kama huvifikii, simama ukanyage sakafu kwa unyayo mzima. Ukishaachia ndipo ukande kwa joto. Ukibanwa mara kwa mara, nyoosha mashavu ya miguu dhidi ya ukuta kila siku kabla ya kulala.

Kinywani

Chukua tangawizi mbichi ya urefu wa vidole gumba viwili, iponde, ichemshe katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi, chuja, ongeza ndimu na asali. Asali ya Tabora ikipatikana, ni tamu zaidi kwangu. Kunywa kikombe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Tangawizi hupunguza maumivu ya misuli kwa kiasi, si kwa kikombe kimoja. Mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumchoma, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize daktari kwanza.

Aliyetoka jasho usiku mzima anahitaji maji na chumvi kidogo, hasa uji wenye chumvi au supu. Msuli unajengwa kwa protini, na sisi tumebarikiwa: dagaa, migebuka, maharage. Ni jambo la kusikitisha kuona mpagazi anakula ugali na mchuzi mtupu akanunua kidonge cha maumivu kila jioni. Diklofenaki za kila siku bila ushauri zinachoma tumbo na kuumiza figo. Na dawa ya unga au ya chupa isiyo na maelezo, inayoitwa ya miti shamba lakini inatuliza maumivu ndani ya nusu saa, ikatae. Baadhi huchanganywa na dawa kali za hospitali bila mnunuzi kujua.

Kurudi kazini

Shangazi alimkanda mdogo wangu jioni tatu mfululizo: chumvi ya moto dakika 15, mafuta dakika 20, kunyoosha, uji, kulala. Siku ya nne aliinua mikono na kuvaa mwenyewe. Alitaka kwenda ziwani usiku uleule. Shangazi alimwambia aende, ila ashike taa, wavu wavute wenzake, na usiku unaofuata avute nusu ya zamu.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa yeyote anayerudi kwenye kazi nzito baada ya mapumziko, iwe ni ziwa, shamba au bandari. Wiki ya kwanza fanya nusu, ya pili robo tatu. Kabla ya kuanza, zungusha mabega na kutembea dakika tano mpaka mwili upate joto. Gunia lilete kifuani kabla ya kuinuka, magoti ndiyo yainuke, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usipinde kiuno. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, usikae bure wiki nzima: piga makasia kidogo, lima, panda mlima wa kwenda sokoni na kikapu, ili giza likirudi mikono iwe bado inakumbuka wavu.